Wenzangu wanataka tugawane mkopo wa kikundi. Nisaini au nijitoe?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 41, mkulima wa mwani, naishi kijiji cha pwani kaskazini kabisa mwa Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga. Ukitoka Tanga mjini unaishika lami ya Horohoro, kisha unaiacha na kufuata njia ya mchanga mpaka baharini. Usiku wa giza tunaziona taa za Vanga, upande wa Kenya, na simu zetu mara nyingi hushika mtandao wa huko kabla ya wa kwetu. Nayasema haya ujue kwamba kwetu sisi karatasi moja ya ofisini ni safari ya kutwa.

Tuko watano kwenye kikundi. Mimi ni katibu, mwenyekiti ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja. Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa 2023, na iliporudi 2024 tukaambizana safari hii tusikae nyuma. Ni ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na haina riba. Kwa mtu wa huku, ambaye akitaka kukopa anakwenda kwa mwenye duka, mkopo usio na riba si jambo la kulichezea.

Andiko la mradi niliandika mimi kwa mkono wangu, kwenye daftari la mwanangu, kabla ya kwenda kuchapishiwa. Nilichokiomba nakijua. Mwani wetu tunapanda karibu na ufukwe. Unapigilia mambo, yaani vigingi, mchangani, unafunga kamba, halafu unaning'iniza mbegu kwa taitai, vile vikamba vifupi vya kufungia, kipande kimoja kimoja, umeinama na maji yamekufika magotini. Baada ya siku 45 hivi unavuna. Zamani aina ya mwani iitwayo kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, ilikubali hapa. Siku hizi jua likikaza maji yanapata moto, mwani unapauka, unalainika, ukiushika unakatika mkononi kama mkate uliolowa chai. Tumebaki na aina ya spinosamu, inavumilia lakini bei yake ndogo. Kinachotakiwa ni kwenda kwenye kina, mwani uelee kwenye kamba zenye maboya, chini kuna ubaridi. Huko hakuendeki kwa miguu. Panataka chombo, na kwetu wenye vyombo ni wanaume.

Halafu kuna suala la kamba. Mnunuzi anayekuja kwetu ndiye anayetugawia kamba na taitai, kwa masharti kwamba mavuno yote ni yake. Akisema kilo ya mwani mkavu ni shilingi 700, basi ni 700. Masika iliyopita nilianika kilo zangu 60 juu ya mchanga kwa sababu sina chanja ya kuanikia. Ulikuwa umeshakauka, namngoja yeye aje na mizani. Usiku mvua ikashuka. Asubuhi nikaukuta umeoshwa chumvi, mweupe, umeshikana na mchanga. Nikauanika upya, lakini alipouona akautolea nusu bei. Kazi ya mwezi na nusu nikapokea shilingi 21,000, na sikuwa na la kusema kwa sababu hata kamba nilizolimia si zangu.

Ndiyo maana tukaomba shilingi milioni 10: mtumbwi mmoja wa kikundi, kamba zetu wenyewe, maboya, chanja ndefu na kibanda cha kuhifadhia mzigo mpaka bei itakapotengemaa. Tulikwenda Kasera, makao makuu ya wilaya, mara nne. Mara moja tulirudishwa kwa sababu jina la mwenzetu kwenye kitambulisho cha NIDA lina herufi moja tofauti na la benki. Akaunti tulifungulia Tanga mjini. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu, Mungu ambariki, alikuja kutukagua, akavua viatu akashuka nasi mpaka shambani, akahesabu kamba moja moja. Mwezi uliopita akatupigia simu kwamba tumepita.

Siku mbili baadaye wifi akatuita chini ya mti wa mkungu, nyuma ya nyumba yake. Akasema pesa zikiingia tugawane, kila mtu milioni 2, kila mtu ahangaike na yake na arejeshe yake. Wenzetu watatu wakakubali papo hapo. Mmoja anataka mtaji wa mafuta ya kula, mwingine bati za nyumba, wa tatu mumewe ameshazipigia hesabu za nyavu. Wifi mwenyewe ana kijana aliyepata nafasi ya chuo na ada haijapatikana. Nami namwona kijana huyo kila asubuhi anakaa kibarazani na ile barua ya kuitwa, hivyo sithubutu kusema mama yake ana tamaa.

Mimi nilinyamaza. Nilishindwa hata kuinua macho.

Ninachokiogopa nimekiona kwa macho yangu. Hapa kijijini kilikuwepo kikundi kilichofanya hivyohivyo miaka ya nyuma. Waligawana, mmoja akavuka kwenda Mombasa hakurudi, mwingine akauguliwa, deni likawaangukia waliobaki. Mkopo ni wa kikundi, halmashauri haijui habari ya milioni 2 za fulani. Mpaka leo wale kina mama wakisikia gari la serikali wanaingia ndani. Na tukigawana, mtumbwi haupo, chanja haipo, mnunuzi atakuja na kamba zake kama kawaida.

Sasa kilichonifunga. Pesa hazitoki benki bila saini tatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Nikikataa kusaini nimewazuia wote. Nikijitoa wanabaki wanne, na kikundi cha wanawake kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua watano, kwa hiyo ni kukiua. Nikimweleza afisa wa kata nimemshtaki wifi yangu serikalini. Na mimi, mshauri, nimeachika mwaka wa sita huu, nakaa na wanangu wawili kwenye chumba cha uani kwa kaka yangu. Kaka ameshaniambia, kwa upole tu, "Dada, pesa za serikali zisije zikanivunjia nyumba." Nimelielewa neno lake.

Nimewaza njia moja. Nimwendee wifi peke yake, bila wale wenzetu, nimwombe tununue vitu kama tulivyoandika, kisha mavuno ya kwanza ya kwenye kina, tukishatoa rejesho, fungu la kikundi apewe yeye kwa ajili ya ada, na mavuno yanayofuata apewe mwingine, mpaka tuzunguke sote kama upatu. Mimi niko radhi kuwa wa mwisho. Lakini ada inatakiwa sasa, na mwani hauvunwi kabla ya siku zake. Pia sijui kama masharti ya mkopo yanaruhusu mpango wa namna hiyo tukiuandika kwenye katiba yetu, au nikamuulize afisa kwa kuzungukazunguka bila kumtaja mtu.

Naomba unishauri, na kama kuna wasomaji waliopitia haya waniambie walitokaje. Hasa kina mama wa Mlingotini kule Bagamoyo, ambao nasikia wanalima mwani kwa vikundi na kuutengenezea sabuni: mliwezaje kushikana pesa za kikundi zilipokuja na kila nyumba ina shida yake? Na je, kama mngekuwa mimi, mngeanza kwa wifi au kwa afisa?

Nijibuni mapema kama mnaweza. Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, linaanza Alhamisi ijayo, na tumeambiwa pesa zinaweza kuingia wiki hiyohiyo. Wifi ameshaniuliza mara mbili kitambulisho changu nimekiweka wapi.

Katibu wa kikundi,
Mkinga, Tanga