Mwanangu Neema, safari hii sio mwewe

Neema mama, marahaba, meseji yako niliipata. Huku wote wazima, bibi yako naye mguu umepoa sasa hivi anatembea mwenyewe hadi dukani.

Sasa ngoja nikupe ya Jumamosi maana imenikaa moyoni. Nilitoka alfajiri na mdogo wako tukaenda Duluti na ile darubini uliyotuachia, tukazunguka ziwa, tukaona mnandi na mdiria basi. Wakati wa kurudi tukakatiza mashambani huku nyuma ya Tengeru, kwenye migomba, pale mtoni kuna mti umejaa viota vya wale ndege wa njano wanaosuka, na kelele walizokuwa wanapiga sio za kawaida. Kuangalia, kuna dude la kijivu linaning'inia kichwa chini kwenye kiota, mabawa yamefunguka yote yanapigapiga lisidondoke.

Mdogo wako akasema mwewe, na kijana aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe naye akasema mwewe huyo, anamaliza vifaranga, akaokota jiwe. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikakumbuka ulivyonifundisha, baba anza na mkia. Mwewe ana mkia wa panda na mwili wa kahawia, huyu mkia mweusi umenyooka una mstari mmoja mweupe mpana katikati, tumbo lina vimistari vyembamba vyeusi na vyeupe kama kitambaa cha shati, kichwa kidogo kuliko mwili. Uso hauna manyoya, ni ngozi tupu ya njano, na alivyozidi kuchakura ukageuka mwekundu kabisa, nimeona kwa macho yangu Neema!

Lakini kilichomaliza ubishi ni mguu. Aliuingiza wote ndani ya kiota, pale tunapopaita goti, ambapo kwa ndege ndio kifundo, pakakunjika kwenda mbele halafu pakakunjika kwenda nyuma, kama mtu anavyopapasa kitu mfukoni, akatoa kinda akameza hapo hapo. Nikajua ndio yule ndege uliyenionyesha kitabuni, jina lake la kisayansi Polyboroides typus. Mguu ule ndio unamwezesha kuchokonoa mashimo ya miti na magome akatoa mijusi, mayai na makinda ambayo tai hawezi kuyafikia.

Nikampa yule kijana darubini aangalie mwenyewe, akakaa nayo muda mrefu, jiwe alishaliweka chini wala sikumwambia. Akaniuliza kama anaishi hapa au mpita njia, nikamwambia ni wa hapa hapa, tatizo wote tunawaita mwewe.

Ukija likizo usisahau kitabu, maana juzi nimeona mwingine mti ule ule ila wa kahawia mwili mzima, nadhani ni mtoto wake, hawa wadogo rangi zao zinachanganya sana na nataka umwangalie wewe. Nauli nitakutumia Ijumaa.

Baba yako