Tuletee picha ikiwa chafu

Studio yetu hurekebisha na kuchapa picha zinazopigwa chini ya bahari. Wiki iliyopita mteja alirudisha picha tuliyomchapia kwenye turubai ya upana wa sentimita 60 akidai tumempunja, kwa sababu konokono wa bahari (yule asiye na gamba) aliyekuwa aking'aa kwa zambarau kwenye simu yake alitoka amefifia na kingo zimevurugika. Malalamiko ya namna hii hutufikia mara kwa mara, na chanzo chake ni kilekile: picha ilipitishwa kwanza kwenye programu ya kurembesha, kisha ikatumwa kwa njia ya ujumbe, ambayo huipunguza bila kumwuliza mwenyewe. Yake ilifika ikiwa na pikseli 1600 kwa upana, ilhali turubai ya ukubwa ule, kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji zipatazo 7000. Zile zinazopungua mashine huzikisia tu.

Rangi nayo ina mambo yake. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, na kufikia kina cha mita 10 huwa umebaki kidogo sana, ndiyo maana konokono aliyepigwa picha bila taa huonekana wa kijivu na buluu. Mteja huweka kichujio cha kuongeza wekundu, konokono akapata uhai, lakini na maji yote nyuma yake yakageuka ya waridi. Sisi huupandisha kwa mnyama peke yake, tukifuata ukingo wa mwili wake kwa mkono, na saa hizo ndizo anazolipia mteja.

Lililotuuma zaidi ni la mzamiaji mmoja aliyetaka kutupunguzia kazi (na bili, bila shaka). Flashi huangaza chembechembe zinazoelea majini, nazo huijaza picha vidoa vyeupe. Alibonyeza kitufe cha kusafisha, programu ikafuta chembe zote pamoja na madoa meupe ya mgongoni mwa konokono, kisha akahifadhi juu ya faili ya awali. Ilitubidi tuyachore upya doa kwa doa, siku mbili nzima, tukitazama picha nyingine ya konokono yuleyule aliyoipiga kwa ubavu. Alilipa zaidi ya ambavyo angelipa kama angetuletea picha ikiwa na chembe zake. Mwingine alitusihi tuondoe "uchafu" uliosimama mgongoni karibu na mkia. Kumbe ni shada la matamvua, ambayo mnyama huyo hupumulia. Tulikataa.

Katika kugeuza picha kuwa mchoro wa rangi za maji au mosaiki, tuko radhi kumkuza konokono wa sentimita 2 awe kama nyangumi na kumzungushia mandhari yoyote, ila matamvua na zile pembe mbili za kichwani anazonusia hubaki na kila mkunjo wake.

Hata faili ikiwa nzuri, skrini hutoa mwanga na wino hauutoi, hivyo zipo zambarau zisizochapika. Kwa hiyo sisi huchapa kwanza kipande cha majaribio, mteja akakitazama kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuidhinisha. Mteja wa wiki iliyopita alikiruka kwa haraka ya zawadi. Juzi alituletea kadi ya kamera: picha ya awali bado imo, ina zaidi ya pikseli 8000 kwa upana, na chembe zake zote.