Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wetu: chumba baki nacho, madaftari turudishie

Mheshimiwa,

Shikamoo. Naitoa kwa heshima ya cheo, maana kwa umri wewe ndiye ungeniamkia. Jina lako silitaji, wala kata, wala ofisi. Mwenyewe unajijua, na huku pwani hakuna asiyejua barua hii inakwenda kwa nani.

Jumamosi iliyopita vijana wetu wa bahari walifika kwenye kile chumba cha nyuma wanachotunzia vifaa vyao saa moja asubuhi, maji yameanza kupwa, wakakuta kufuli jipya. Mlinzi akawaambia chumba sasa ni stoo ya viti na maturubai. Nani kaamua? "Maelekezo kutoka juu." Juu wapi, hakusema. Walipochungulia dirishani waliona viti vya plastiki vimepangwa mpaka darini, na miwani yao ya kuzamia, futi kamba na zile fremu walizotengeneza kwa mabomba ya maji vimesukumwa kwenye kona inayovuja. Madaftari hawakuyaona.

Nakukumbusha hiki kikundi ni kitu gani, kwa sababu siku ya uzinduzi ulihutubia, ukapigwa picha, ukaondoka kabla ya vijana kueleza wanachofanya. Ni watoto wa mtaani kwetu. Wengine wako sekondari, wengine wamemaliza na hawana pa kwenda. Kwanza wanafundishana kuogelea, na usishangae: wapo, hasa wa kike, waliozaliwa hatua chache kutoka majini ambao hawakuwahi kuelea. Halafu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoa maji, wanakwenda mwambani. Wanapita mstari uleule kila mara bila kukanyaga tumbawe, wanalaza fremu, wanahesabu kilichomo ndani yake: tumbawe hai, lililokufa, majani ya bahari, mashimo ya pweza, majongoo ya bahari, taka. Wanaandika. Binti mmoja aliyesomea sayansi ya bahari chuoni huja kuwasahihisha, na halipwi hata nauli.

Mheshimiwa, ulitusomea kwenye karatasi kwamba Tanzania Bara ina pwani ya kilomita 1,424 na kwamba uchumi wa buluu ndio mwelekeo. Tukapiga makofi. Leo katika hizo kilomita zote tunagombea chumba ambacho mtu mrefu akilala miguu inagusa ukuta.

Uliahidi majaketi okozi. Uliahidi barua ya kututambulisha kwa watu wa hifadhi ili vijana wafike Mbudya na Bongoyo kujifunza, si kuota jua. Visiwa hivyo ni hifadhi tangu 1975, nami nilikuwa kijana wakati huo. Wajukuu zangu wanaviona kila siku kwa mbali kama nchi ya watu wengine. Uliahidi kuwasaidia wasajiliwe wapate ile mikopo ya halmashauri, ya ile asilimia 4 ya mapato inayotengwa kwa vijana. Mwaka 2023 mikopo iliposimamishwa tulielewa, serikali ilisema inarekebisha utaratibu. Ilipofunguliwa tena tukaambiwa faili letu halionekani. Na bado ninao ule mkoko uliopanda mbele ya kamera, yaani ninayo picha yake, maana mkoko wenyewe haukumaliza wiki. Vijana walikunong'oneza kwamba hapo ni mchanga mtupu na mawimbi yanapiga, mkoko unataka tope na maji yaliyotulia. Ukasema tupige picha kwanza. Tukapiga.

Kwa nini chumba kimefungwa? Sijui, na kwa kuwa hakuna anayetuambia, nitabuni. Wengine wanasema ni shughuli za mikutano tu, viti vilikosa pa kukaa. Wengine wanasema ni lile bomba. Vijana waliandika kwenye daftari kwamba kuna bomba linalomwaga maji machafu kwenye mfereji ule unaoingia baharini, na kwamba karibu na mdomo wa mfereji majani ya bahari yamekuwa na utelezi na yanakufa. Hawakutaja ukuta wa nani, ila kila mtu anaujua ukuta huo.

Mimi nina wazo la tatu. Kuna siku wageni wako walikuja wanataka kupelekwa Mbudya kwa chombo changu. Upepo wa kusi unavuma, jaketi okozi hata moja hakuna. Zamu ya uongozi ilikuwa ya binti wa kidato cha tatu, maana pale wanapokezana kila mwezi ili kila mmoja ajue kuamua na kulaumiwa. Akawaambia, "Samahani wakubwa, leo hatutoki." Mmoja wao akamuuliza anajua anaongea na nani. Akajibu anajua, na ndiyo maana hataki wazame. Kama kufuli limetokana na hilo, Mheshimiwa, basi programu imefanya kazi yake vizuri kuliko ulivyotegemea.

Sasa mimi. Chombo ni changu, mashine ni yangu, na mafuta nanunua kwa fedha ya kitoweo. Jumamosi wenzangu wanashusha samaki, changu na tasi, pale soko la Feri, mimi nimebeba watoto na fremu za bomba. Mke wangu anawapikia uji kwa unga wetu, na sukari ikipanda hatuwaambii. Mashine ilipokufa nilikopa kwa mtu, deni lile bado linanisalimia kila asubuhi mlangoni. Sikuwahi kukuletea risiti. Sikutaka. Nilijua tu kwamba siku moja ukiona kazi ya hawa watoto utaona haya usaidie hata jaketi moja.

Nimeziona zama za kuvua kwa baruti mimi. Mlipuko mmoja, samaki wanaelea, wengi wao hawaokotwi, na mwamba unabaki kifusi kinachobingirika, tumbawe changa halipati pa kushika. Nikaona na 1998, El Niño, maji yakawa ya moto mpaka matumbawe yakapauka yakawa meupe kama mifupa. Tulidhani ni ugonjwa. Hawa watoto ndio walionieleza kwamba tumbawe hulishwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho unaoishi ndani yake, joto likizidi huutoa, na likikaa hivyo muda mrefu hufa njaa. Babu mzima naelezwa bahari yangu na mtoto wa jirani. Siku zile hatukuwa na daftari. Ukituuliza leo mwamba wetu ulikuwaje kabla ya 1998, kila mzee atakupa hadithi yake, na hazilingani.

Ndiyo maana ya yale madaftari. Hesabu ya mwamba haina faida ukiisoma ya siku moja. Inasema kitu pale unapoweka ya leo juu ya ya mwaka jana, mstari uleule, bamvua kwa bamvua. Ukikosa moja hurudi nyuma kuihesabu, maji yameshajaa. Na bamvua jingine linakuja na mwezi mwandamo, halisubiri mkutano wa kamati.

Nilianza kuandika nikitaka mengi. Nilitaka majaketi, barua ya hifadhi, faili la mkopo lionekane, bomba lizibwe, chumba kirudi. Nayataka bado, ahadi ni zako si zangu. Lakini yaache. Viti vikae, maturubai yakae, kufuli ubaki nalo. Mtume mtu aingie atafute madaftari ya jalada gumu, mengine ya bluu mengine mekundu, yamefungwa kwa kamba ya nailoni, pengine yako chini ya viti, pengine yamelowa. Yakiwa yamelowa tuleteeni hivyohivyo, tutayaanika. Asikae nayo mtu ofisini "kuyapitia". Ampe mlinzi, mlinzi anatufahamu.

Madaftari tu, Mheshimiwa. Kabla ya mwezi kuandama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye chombo, mlezi wa vijana wa bahari
Dar es Salaam