YAH: MALALAMIKO YA KUZUILIWA KWA AMANA YA PANGO

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Majengo.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni aliyekuwa mpangaji katika nyumba mnayoisimamia kwa niaba ya mwenye nyumba. Nilitoa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyotaka, nikamaliza kodi pamoja na bili za maji na umeme, kisha nikakabidhi funguo. Amana yangu haijarudi, na jibu pekee la maandishi nililopata ni ujumbe mfupi wa simu unaosema kwamba fedha hizo zimetumika kwa matengenezo.

Ni matengenezo gani, ya chumba kipi, na yaligharimu kiasi gani, ujumbe huo hausemi. Amana si kodi wala si ada ya kuhama. Ni fedha ya mpangaji inayoshikiliwa ili, endapo atahama akiwa anadaiwa au ameharibu kitu, mwenye nyumba apate pa kujifidia. Kwa hiyo anayetaka kuikata ndiye anayepaswa kuonyesha sababu.

Kwa mdomo, mhudumu wenu alinitajia rangi ya sebuleni iliyofifia na zulia lililolika karibu na mlango. Huo ni uchakavu wa kawaida, ambao kodi ya kila mwezi imekwisha kuulipia: rangi hufifia hata katika nyumba isiyo na mtu, na zulia hulika pale watu wanapopita. Uharibifu ni kioo kilichovunjwa, mlango uliong'olewa bawaba au sinki lililopasuliwa. Tena, hata mpangaji aliyeharibu kitu kweli hupaswa kufidia thamani iliyokuwa imebaki, si kumnunulia mwenye nyumba kipya badala ya kilichokwisha kuchakaa. Fomu ya ukaguzi tuliyojaza nilipoingia, yenye sahihi ya mtumishi wenu, inaeleza kwamba rangi hiyo ilikuwa ya zamani, na picha nilizopiga siku ya kutoka, zenye tarehe, zinaonyesha kila chumba. Siku hiyo nilimwomba mhudumu wenu tukague pamoja, akasema hakuna haja. Inashangaza kwamba haja ilipatikana baada ya mimi kuondoka.

Naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mnirudishie amana yote kupitia akaunti niliyokuwa nikilipia kodi. Kama mnashikilia kwamba yapo makato halali, nipeni mchanganuo wa maandishi wa kila kato pamoja na risiti za mafundi, na sehemu isiyo na ubishi ilipwe bila kusubiri. Kuniambia nimtafute mwenye nyumba hakutatosha, kwa sababu amana niliilipa ofisini kwenu na stakabadhi niliyo nayo ni yenu.

Muda huo ukipita, nitalifikisha shauri kwenye chombo cha usuluhishi wa migogoro ya upangaji, na tusipoelewana huko, kwenye mahakama ya madai madogo, ambako mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Hadi hapo niko tayari kuja ofisini tupitie fomu na picha pamoja, mradi yatakayokubaliwa yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Wako mwaminifu,
Aliyekuwa mpangaji

Nakala: Mwenye nyumba
Viambatisho: Mkataba, stakabadhi ya amana, fomu ya ukaguzi, picha