Salamu za Septemba 16 kwa Jamaa wa Meksiko

Ndugu na marafiki mlioko Meksiko kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa, pamoja na wenyeji wenu: heri ya sikukuu ya Uhuru!

Kwanza niwataje wale wanaotuma salamu hizi kila Mei 5. Ahsanteni, ila mmewahi mno. Ile ni kumbukumbu ya mapigano ya Puebla ya mwaka 1862, Jenerali Ignacio Zaragoza alipowatimua Wafaransa. Ina heshima yake, lakini uhuru ni Septemba 16.

Nayo hiyo Septemba 16 ina mambo yake. Watanzania tunaadhimisha Desemba 9, siku tuliyokabidhiwa nchi. Wameksiko wanaadhimisha siku kasheshe ilipoanza! Uhuru wenyewe ulikuja miaka 11 baadaye, jeshi lilipoingia Mexico City Septemba 27, 1821, na tarehe hiyo hupita bila shamrashamra kubwa. Wanayoikeshea ni alfajiri ya mwaka 1810, padri Miguel Hidalgo alipoamuru kengele ya kanisa ipigwe katika mji mdogo wa Dolores, akawaita waumini wake wainuke dhidi ya utawala wa Kihispania. Uhuru hakuuona. Julai 1811 alipigwa risasi, kichwa chake kikatundikwa kwenye kona ya ghala la nafaka mjini Guanajuato.

Mimi lakini namhusudu zaidi Bi Josefa Ortiz de Domínguez. Mumewe alikuwa mkubwa wa serikali pale Querétaro, na mama huyu alikuwa ndani ya njama za uhuru. Siri ilipovuja, mume akamfungia ndani. Inasimuliwa kwamba aligonga sakafu kwa kisigino mpaka mlinzi wa jela aliyekaa chini yake akasikia, akapanda kuchukua ujumbe, akatoka mbio na farasi kwenda kuwatahadharisha wenzao. Ndiyo maana Hidalgo hakungoja tarehe waliyopanga. Kengele ya Dolores sasa imetundikwa juu ya roshani ya Ikulu mjini Mexico City, na mwaka 2025 kwa mara ya kwanza iliyovuta kamba yake ilikuwa mikono ya rais mwanamke, Claudia Sheinbaum. Nadhani Bi Josefa angefurahi.

Watu wa pwani tuna sababu yetu ya kuitazama sikukuu hii. Vicente Guerrero, mpigania uhuru mwenye asili ya Kiafrika, alikuja kuwa rais, na Septemba 15, 1829, mkesha wa sherehe hizi, akatoa amri ya kukomesha utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Piga hesabu mwenyewe.

Basi kuleni. Msimu huu ndio wa komamanga na jozi mbichi, na nasikia harufu ya chiles en nogada tangu huku: pilipili kubwa ya kijani iliyochomwa, ikamenywa ngozi, ikajazwa nyama ya kusaga na matunda, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi, kisha punje nyekundu za komamanga juu yake. Bendera nzima kwenye sahani. Nani atabana matumizi siku kama hiyo?

Mtakaokwenda uwanja wa Zócalo usiku wa tarehe 15, wahini. Rais hutoka kwenye roshani ya Ikulu saa tano kupiga ile kengele, na uwanja hujaa mapema. Watoto washikeni mkono, na mkiitikia “¡Viva México!” nasi mtuitikie mara moja.