Msikate wimbo kabla ya chemko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma takwimu hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwetu ni Mji Mpya, Morogoro. Hivi karibuni msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba masikio ya vijana wa vyuo yameishia kwenye singeli, muziki wa kasi wa vijana wa uswahilini, na kwamba muziki wa dansi utazikwa pamoja na wazee wanaoukumbuka. Sikumkasirikia, maana alionekana kuandika kwa uchungu. Lakini lipo kosa ambalo naona amewabebesha vijana ilhali si letu, yaani nyimbo hizo kukatwa redioni kabla ya chemko, sehemu ya mwisho ambamo wapigaji huitwa majina, na nimelijua kwa sababu ninalala chumba kimoja na ushahidi wake. Ni kaseti 41 za babu yangu, ambazo ziko ndani ya ndoo ya rangi, chini ya kitanda changu hosteli.

Babu alikuwa mfanyakazi wa Reli. Miaka ile huku bara redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zikitaka kusikika zilikwenda kurekodi studio kwake, Barabara ya Pugu. Stesheni binafsi zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo babu, kama wenzake wengi, alinunua kaseti tupu, akaketi mbele ya redio kaseti yake kidole kikiwa kwenye kitufe, akisubiri mtangazaji amalize kusema. Kisha aliandika lebo kwa kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja: jina la bendi, mtindo wake, mwaka. Mitindo yenyewe ni Masika, Saboso, Kiweke, Sikinde. Mara nyingine aliongeza neno lake mwenyewe, kama "zuri sana" au "gita". Kaseti moja imeandikwa "gita, gita, gita".

Nilizikuta likizo ya mwaka wa kwanza. Nyumba ilikuwa inapakwa rangi na bibi alikuwa ameshaziweka kando zitupwe, kwa kuwa zilikuwa na ukungu na redio yenyewe ilishakufa. Nikazifuta moja moja, nikazipanga kwenye ndoo iliyobaki ya mafundi, nikapanda nayo treni kurudi chuoni. Babu alinisindikiza hadi stesheni. Hakusema lolote kuhusu ndoo ile, ila aliishika kamba yake njia nzima.

Redio kaseti niliinunua mtumba Kariakoo. Fundi wa Manzese aliibadilisha raba ya kuzungusha, akanifundisha kusafisha hedi, kichwa kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti baada ya kila kaseti mbili, hasa zenye ukungu. Waya unatoka tundu la spika za masikioni unaingia kwenye kompyuta yangu. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, nusu saa upande mmoja na nusu saa wa pili, na upande mmoja ukiwa kwenye kompyuta unakula nafasi ya karibu megabaiti 300. Kwa hiyo nimejifunza kusoma kwa pande za kaseti. Jioni nakaa kwenye kimbweta, benchi la kusomea la nje, karibu na ukumbi, nafungua desa langu la nukuu, nabonyeza kitufe. Upande wa kwanza, mada moja. Nageuza kaseti, mada ya pili. Somo la uchambuzi wa mfululizo wa wakati nimelisoma lote kwa njia hiyo, na nimefaulu.

Kilichonitesa zaidi ni kasi. Redio ya babu raba yake ilikuwa imelegea, hivyo ilikuwa ikirekodi huku inazunguka polepole. Ukiziweka kaseti zile kwenye mashine nzima waimbaji wote wanakimbia na sauti zinapanda kama za watoto. Nilikaa na tatizo hilo wiki nyingi, nikijaribu kukisia kwa sikio. Siku moja, kwenye ukimya kati ya wimbo na wimbo, nikasikia mvumo mwembamba. Ni umeme. Redio ya babu ilikuwa imechomekwa ukutani, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo wake ulikuwa umeingia kwenye kaseti pamoja na muziki. Nikaupima kwa kompyuta, nikapata 52. Basi nikarudisha kila kitu nyuma kwa uwiano huo, na mara sauti ya mwimbaji ikashuka ikatulia, ikawa sauti ya mtu mzima. Nililia, Mhariri, pale pale kwenye kimbweta. Tangu hapo redio naichezesha kwa mawe ya betri, na kompyuta naichomoa, ili mvumo utakaosikika uwe wa Morogoro ya wakati ule tu, usichanganyike na wa Mlimani wa leo.

Mawe hayo si bei ndogo kwa mtu anayekula kwa bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi. Bumu likichelewa, nasuka. Jumamosi wasichana wa ghorofa yetu wanapanga foleni kwangu. Kichwa kimoja cha nywele za kawaida ni mawe ya wiki. Ninaokaa nao chumbani wanapenda amapiano na bongo fleva, na wala sigombani nao, kwani mimi mwenyewe napenda singeli tangu nikiwa sekondari. Lakini nilipochoka kuvaa vifaa vya masikioni, nikaanza kuwafungulia nyimbo za babu zetu tukiwa tunasukana, na sasa wanaomba wenyewe, "Leta ile ya saksafoni."

Sasa nije kwenye nililokusudia. Wimbo wa dansi wa miaka ile una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwendo wa taratibu, kisa kinasimuliwa, waitikiaji wanajibu. Kisha magita yanabadilika, tumba zinapanda, tunaingia chemko. Humo maneno ni machache, kazi ni ya magita na tarumbeta. Na humo ndimo mwimbaji anapoita majina. Anamwita mpiga solo ajitokeze, anamtania mpiga besi, anawasalimia wapenzi wa bendi wa mji fulani. Mwanzoni sikuelewa kwa nini babu aliandika "gita" kwenye lebo. Sasa naelewa: alikuwa anamjua mpigaji kwa jina, kwa sababu alisikia akiitwa.

Mbaraka Mwinshehe tunamjua. Alikuwa Morogoro Jazz, mwaka 1970 bendi ile ikaenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Kwetu Morogoro mtoto yeyote wa nyumba yenye redio analijua jina hilo. Lakini Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja. Je, aliyekuwa nyuma yake akikata rizimu usiku mzima, vidole vimeota sugu? Huyo jina lake limo ndani ya chemko, na pengine halimo pengine popote.

Nayo redio zetu hukata hapo hapo. Jumapili moja jioni nilikaa na daftari nikasikiliza kipindi cha nyimbo za zamani, stesheni siitaji. Nyimbo tisa zilipigwa. Nne mtangazaji alitaja bendi. Mtunzi alitajwa mara moja. Mpiga gita hakutajwa hata mmoja, na nyimbo saba zilishushwa sauti mwanzoni mwa chemko ili tangazo liingie. Mmojawapo nilikuwa nao mzima kwenye ndoo, nikauweka papo hapo: sekunde ishirini baada ya pale walipokata, mwimbaji anataja watu wanne. Nilituma ujumbe wenye majina yote manne. Mtangazaji alinishukuru hewani kwa "kuzipenda zilipendwa", akaendelea.

Neno hilo nalo nimelifikiria sana. Zilipendwa. Linasema zilipendwa zamani, kana kwamba leo hatuzipendi, na halisemi nani alitunga, nani alipiga, nani aliimba. Likishatamkwa, mtangazaji anaona amemaliza kazi ya utambulisho.

Msomaji mwenzangu anayewalaumu vijana, naomba asikilize singeli kwa dakika tano tu. Muziki huo ulikulia kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mitaa ya uswahilini, Manzese, Tandale na kwingineko, na vinanda vya taarabu vilikatwakatwa vikaharakishwa kuutengeneza. Atasikia kila mara jina la mtayarishaji, jina la studio, jina la mtaa, vyote vinatajwa ndani ya wimbo wenyewe, na vinatajwa mapema kabisa, kabla hujakaa sawa. Wengine wanaona ni majigambo. Mimi nasikia vijana wanaofanya alilofanya mwimbaji wa dansi kwenye chemko, ila wao wamelihamishia mwanzoni, mahali ambapo mtangazaji hawezi kukata.

Kuna walioniuliza kwa nini siziweki nyimbo hizi kwenye intaneti. Si zangu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na wengi wa watunzi hawa wameacha wajane na watoto. Ninachofanya ni kuzitoa kwenye mkanda, kuandika majina yote yanayosikika, na kumrudishia mwenye kaseti kwenye flashi. Mpaka sasa wenye kaseti ni babu na wazee wawili marafiki zake, lakini daftari la majina ni langu na yeyote anaweza kuliona.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na la kwanza ni kwa watangazaji. Kama muda ni mfupi, pigeni nyimbo tano nzima badala ya tisa zilizokatwa. La pili ni kwako, Mhariri: gazeti lako linapochapa picha ya bendi ya zamani, chini yake hutajwa mwimbaji aliye mbele, na wengine huitwa "wenzake". Wazee wanaoweza kuwataja hao wenzake mmoja mmoja, kuanzia kushoto, bado wapo. Wa kwetu ana miaka 79 na anakaa barazani kila jioni kuanzia saa kumi na moja.

Na ombi langu binafsi kwa wasomaji. Kaseti namba 17, upande B, wimbo wa mwisho. Lebo imeliwa na ukungu, imebaki "Jazz" tu. Ni kisa cha mtu anayemsubiri mkewe stesheni, treni inafika, mke hayumo, anauliza behewa kwa behewa. Baada ya ubeti wa pili inaingia saksafoni peke yake. Kisha chemko, gita la solo linaanza juu kabisa, na mwimbaji anaita, "Njoo nalo taratibu, Sa..." Hapo mkanda wa babu umekwisha. Salehe? Saidi? Salumu? Babu anasema alimjua, na kwamba alikuwa mrefu, ila jina limempotea. Kama kuna mwenye wimbo huo hadi mwisho, hata uwe na mikwaruzo, naomba aliandikie gazeti hili.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Mlimani, Dar es Salaam