Mheshimiwa Waziri, Tupangishieni: Barua ya Wazi Kuhusu Ada ya Nyumba

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Ardhi, Ujenzi wa Umma, Nyumba na Ustawi wa Miji,
Nairobi.

KUH: RUZUKU YA NYUMBA KWA ASIYEWEZA KUNUNUA

Mheshimiwa,

Tunakuandikia hadharani kwa kuwa mwezi huu tena hati za mishahara zimetoka na mkato wa ada ya nyumba za bei nafuu uko palepale. Asilimia 1.5 ya mshahara mzima, na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Ulianza Julai 2023. Mahakama Kuu ikaubatilisha tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, Bunge likarudi na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa saini tarehe 19 Machi 2024, na safari hii hata anayejiajiri akaingizwa. Mwajiri akipitisha siku ya tisa ya kazi ya mwezi unaofuata bila kuwasilisha pesa, anatozwa asilimia 3 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Kwenye kukusanya, Mheshimiwa, sheria hii haina mzaha. Tunataka iwe hivyo hivyo kwenye kugawa.

Hatupingi ada. Wapo wanaoipinga na hoja zao zina uzito, lakini sisi tunaona kwamba mji ambao takriban familia 9 kati ya 10 zinapanga hauwezi kuachiwa soko peke yake. Ombi letu ni moja, na tutalirudia: baadhi ya nyumba zinazojengwa kwa ada hii zipangishwe. Zisiuzwe. Zipangishwe na serikali yenyewe, kwa kodi nafuu, kwa watu ambao hawatanunua nyumba Nairobi mwaka huu wala mwaka ujao.

Mchukue mlinzi au mfanyakazi wa kiwanda kule Industrial Area anayelipwa 30,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) unachukua 1,800, bima ya afya 825, ada ya nyumba 450, na kodi ya mapato (PAYE) baada ya nafuu ni kama 731. Anafika nyumbani na 26,194 hivi. Humo mna kodi ya chumba, unga, karo, tokeni za stima, na mzazi kijijini anayesubiri M-Pesa. Tuseme amejinyima hadi akaweza kuweka 3,000 kila mwezi. Nyumba ya chumba kimoja ya mita za mraba 20 mliyoipa bei ya 640,000 kule Mukuru, amana yake ya asilimia 10 ni 64,000. Hiyo ni miezi 22 ya kuweka akiba bila mtoto kuugua hata mara moja. Hata amana ikiwa asilimia 5, bado ni 32,000, yaani miezi 11. Landilodi wa kawaida, pamoja na ubaya wake wote, humtaka kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha humkabidhi ufunguo siku hiyohiyo.

Penye ukweli tuseme ukweli. Malipo yenu ya kila mwezi si mabaya. Kwa riba ya asilimia 3 na muda wa miaka 30, deni la 640,000 hulipwa kwa karibu 2,700 kwa mwezi, na ukiongeza gharama za huduma unakaribia ile 3,900 iliyotangazwa. Watu wanalipa pesa za namna hiyo sasa hivi kwa chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, choo cha kuchangia, na maji ya mtungi. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo ya maji imekuwa 250, na hakuna mtaa wa matajiri katika mji huu unaolipia maji ya mfereji bei hiyo. Kwa hiyo uwezo wa kulipa kila mwezi upo. Kinachofunga mlango ni amana, kudaiwa uthibitisho wa kipato, na kutakiwa kujifunga miaka 30 wakati kibarua chenyewe kina mkataba wa miezi mitatu.

Hapo ndipo penye kosa la mpango mzima. Ruzuku imefungwa kwenye umiliki, na asiyeweza kumiliki anaichangia bila kuigusa.

Tena ruzuku yenyewe inakua kadiri nyumba inavyokuwa kubwa. Tufanye hesabu pamoja, Mheshimiwa. Deni la 640,000 kwa miaka 30 likitozwa asilimia 9, malipo ni kama 5,150 kwa mwezi. Likitozwa asilimia 3, ni 2,700. Anayekaa humo amesaidiwa kama 2,450 kila mwezi. Sasa nafuu hiyohiyo ya riba itolewe kwa nyumba ya 3,000,000: kutoka 24,139 hadi 12,648. Huyu wa pili amesaidiwa 11,490 kwa mwezi, karibu mara tano ya yule wa kwanza. Na Disemba 2024 kiwango cha riba ya mkopo wa nyumba ambacho mtu anaruhusiwa kukiondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi kilipandishwa kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Aliye kwenye daraja la asilimia 30 anaweza kuokoa hadi 108,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kila mwezi. Nchi nzima ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo 30,000 tu. Mpangaji hana nafuu ya aina hiyo hata ya shilingi moja kwa kodi ya pango anayolipa.

Tunaombwa tuwe na subira. Subira tumekuwa nayo tangu zamani. Nyayo Highrise, pale kando ya Kibera, ilikusudiwa watu wa Kibera. Wakaingia wenye mishahara mizuri. Viwanja kama 6,000 vya Dandora, mradi wa miaka ya 1970 wa Benki ya Dunia, vilitolewa kwa watu wa kipato cha chini. Vingi viliishia mikononi mwa wenye mtaji, na leo ni ghorofa za bedsita ambamo maskini ni mpangaji wa mtu mwingine. Soweto Mashariki, Kibera, mpango ulizinduliwa 2004 na nyumba 822 zikakabidhiwa 2016. Kisha tukaahidiwa nyumba 500,000 kufikia 2022. Kisha 200,000 kila mwaka. Hatuzitaji ahadi hizi ili kukuaibisha. Tunazitaja kwa sababu nyumba ya ruzuku ikiuzwa, njia yake ya kumtoroka maskini inajulikana, na haijabadilika kwa miaka 50.

Inakuwa hivi. Jina lililoandikishwa Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizi, ni la mama mboga, lakini amana hana. Anatokea mtu mwenye pesa, anamlipia zile 64,000, na juu yake anampa kitita kidogo cha kutatua shida za nyumbani. Wanakwenda kwa wakili, wanaandikiana makubaliano na hati ya uwakilishi, funguo zinabadilisha mkono. Sheria ya 2024 inakataza kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, na ni katazo zuri, lakini karatasi za serikali bado zinasoma jina la mama mboga, malipo yanaingia kila mwezi, na hakuna kompyuta itakayoonyesha kwamba aliyelala humo si yeye. Mama akifariki, warithi wake na mnunuzi wanaburutana mahakamani. Mnunuzi akiacha kulipa, deni ni la mama. Na mama mwenyewe alisharudi kwenye mabati zamani, safari hii mbali zaidi na kazi. Nauli ya 80 kwenda na 80 kurudi kwa siku 26 ni 4,160, zaidi ya malipo ya ile nyumba aliyoiacha.

Nyumba ya kupangisha haina njia hii. Hakuna cha kuuza. Mpangaji akihama, chumba kinarudi kwenu na anaingia anayefuata kwenye orodha. Mtu akikikodisha kwa mwingine kisirisiri, mkataba unavunjwa na nyumba bado ni yenu. Nyumba ikiuzwa, ruzuku huondoka na mnunuzi wa kwanza mwenye pesa. Ikipangishwa, ruzuku hubaki ukutani, ikamsitiri mtu wa leo na mtu wa mwaka 2060.

Tunajua jibu mtakalotupa: serikali ilishawahi kuwa landilodi ikashindwa. Ni kweli kwamba Kaloleni, Bahati, Ziwani na Jericho zilijengwa kupangishwa, na hali yake leo kila mtu anaiona. Lakini tazameni kilichoziharibu. Kodi iliachwa ilivyo miaka na miaka huku bei ya mabomba na rangi ikipanda. Kilichokusanywa kilimezwa na mfuko mkuu wa mji badala ya kurudi kwenye paa na maji taka ya mtaa uliokilipa. Orodha ya wapangaji haikukaguliwa, basi nyumba zikarithishwa na kukodishwa upya kama mali ya ukoo. Kupangisha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa vitabu, na vitabu vinaweza kuwekwa sawasawa.

Anzeni na kodi. Sheria yenu tayari inamtambua mwenye kipato cha chini ya 20,000 kwa mwezi kuwa wa nyumba za kijamii. Wekeni kodi iwe robo ya kipato: anayepata 15,000 atoe 3,750. Ipande kidogo kila mwaka kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, isikae miaka ishirini kisha ikaongezwa mara mbili kwa mpigo. Pokeeni malipo kwa wiki, hata kwa siku, kwa nambari moja ya M-Pesa, kwa maana anayelipwa kila jioni akilazimishwa kungoja tarehe tano huwa pesa imekwishatumika. Na kila pesa inayoingia, kabla haijaguswa na mtu yeyote, theluthi yake iende kwenye akaunti ya matengenezo ya jengo hilohilo, na hesabu zake zibandikwe mlangoni kila mwezi.

Hili la matengenezo msilichukulie kama jambo dogo, kwa sababu ndilo litakaloziua hata nyumba mnazouza. Jengo la ghorofa kumi lina pampu ya kupandisha maji hadi matangi ya juu, lina lifti, lina taa za ngazi, lina mabomba ya maji taka ambayo yakiziba ghorofa ya kwanza, uchafu unatokea ghorofa ya pili. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020, wenye nyumba wanapaswa kuunda chama chao na kuchangia gharama hizi. Watu wa vibarua watachanga vizuri mwaka wa kwanza. Kisha nyumba tatu katika kila kumi zinakosa mwezi mmoja, lifti inaharibika na fundi hana wa kumlipa. Walio juu wanakasirika na wao wanaacha kuchanga. Bili ya stima ya pampu inafuata. Mwisho wa yote akina mama wanapandisha mitungi ngazi za ghorofa nane, na wenye mabawa wanahama. Serikali ikibaki mwenye jengo, kuna mtu mmoja wa kudaiwa.

Ghorofa ya chini wapeni wafanyabiashara. Mama mboga aliyekuwa akiuza mlangoni pake, ukimpandisha ghorofa ya saba umempa nyumba na kumnyang'anya riziki.

Na jingine. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipowatoa watu kando ya mito Mathare na Mukuru, na matingatinga yakamaliza kilichobaki, familia ziliahidiwa 10,000 kila moja wajitafutie pa kuhamia. Serikali ingekuwa na vyumba vya kupangisha, ingewahamishia humo wiki hiyohiyo. Nyumba ya kununua haimsaidii mtu ambaye godoro lake limechukuliwa na maji usiku. Wala sheria ya kudhibiti kodi haimkingi anapokwenda kutafuta chumba kipya, kwa sababu inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500, kwa viwango vya Januari 1981. Kibanda gani leo kimebaki chini ya hapo?

Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Imesema makao. Haikusema hati ya kumiliki.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa, na tunaomba kwa mara nyingine. Mukuru peke yake imepangiwa nyumba 13,248. Theluthi yake ni 4,416. Kabla awamu inayofuata haijagawiwa, toa agizo la maandishi kwamba hizo 4,416 hazitauzwa kwa mtu yeyote, zitapangishwa kwa wenye kipato cha chini ya 20,000, na dipoziti yake haitazidi kodi ya mwezi mmoja. Ile 450 ya ada tutaendelea kuitoa. Tupangishieni.

Wako kwa heshima,
Wapangaji wa Nairobi